Kibao cha Montrazac

Noélie alikuwa amemfundisha Florent kila kitu. Asikatae kuongezewa nyama ya bata, hata tumbo likitaka kupasuka. Asiitaje kabisa barabara ya mlimani, maana ndiyo iliyogombanisha vilabu viwili vya baiskeli, cha Montrazac na cha Castelvie, hadi leo kila kimoja kinaendesha upande wake wa mto. Amsalimu kwanza baba, halafu shangazi, halafu mbwa, na mbwa asimsahau, kwa kuwa shangazi Huguette huwapima watu kwa mbwa wake. Jumapili ile ya Septemba, alipokuwa akijaza maji kwenye chupa yake, Noélie aliyapitia mafunzo yote kichwani akaona hakuna alichobakiza. Kumbe alibakiza kimoja, na hicho kimoja nusura kimnyime mume.

Mbele ya kanisa wenzao walikuwa wameshakusanyika, wazee kwa vijana, wamevaa fulana za bluu za klabu, wakijaza tairi upepo na kutaniana. Katikati yao alisimama baba yake, Firmin Delbreil, mwenyekiti wa klabu na fundi baiskeli wa kijiji, mzee wa miaka sabini na moja mwenye miguu mikavu na maneno mengi. Florent alipotokea darajani na fulana nyekundu ya Castelvie, wote wakageuka.

"Ala!" Firmin alisema kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. "Siku hizi Waingereza nao wanaamka mapema?"

Watu wakacheka. Florent Vergnol alizaliwa pale pale, upande wa pili wa mto Dordogne, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji. Lakini katika vita vya zamani vya wafalme, ngome ya Castelvie ilishikwa na mfalme wa Uingereza na ya Montrazac na mfalme wa Ufaransa. Mamia ya miaka yamepita, ngome zote mbili zimebaki kutazamana na kupigwa picha na wageni, lakini kwa watu wa Montrazac mtu wa ng'ambo ni Mwingereza mpaka anaingia kaburini.

"Habari za asubuhi, Bwana Delbreil," Florent alisema, akashuka na kutoa mkono.

"Njema. Umekuja kutupeleleza?"

"Nimekuja kula, mzee. Nimealikwa."

"Chakula ni mchana. Asubuhi hapa tunatoa jasho."

Marcelin, mwoka mikate, rafiki wa Firmin tangu wakiwa shule, alimsogelea Noélie na kumpiga kiwiko kidogo. "Binti, huyu ndiye yule wa misumari?"

"Mzee Marcelin, nyamaza, tafadhali."

"Nauliza tu, mwanangu. Kuuliza si ujinga."

Habari ya misumari ilijulikana kijiji kizima. Florent ni fundi wa mapaa ya mawe, yale mapaa mazito ya ngome na makanisa. Mwaka uliopita baiskeli yake ilipata pancha kila wiki, na kila wiki akaivusha daraja hadi dukani kwa Firmin, ambako Noélie ndiye huziba pancha, kana kwamba Castelvie hakuna gundi. Mwishowe Noélie aliipanga mezani misumari yote aliyoichomoa, yote mipya, yote ya aina moja, ya kuezekea.

"Bwana Vergnol," alimwambia, "barabara ya kwenu inaota misumari?"

Florent akawa mwekundu hadi kwenye masikio. "Hapana," akasema. "Naitoboa mwenyewe."

Tangu siku hiyo pancha zikaisha. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kabla majira ya baridi hayajapita hata mbwa wa shangazi Huguette alikuwa anajua. Sasa Florent alikuwa anakuja kumposa. Nyumba aliyoachiwa na bibi yake kule Castelvie ilikuwa imekwisha kutengenezwa, paa limekaa sawa, na dirisha la jikoni linatazama mtoni. Noélie aliitamani nyumba ile. Alimtamani zaidi mwenyewe. Lakini tangu mama yake, Mireille, alipofariki miaka minne iliyopita, hakuwahi kulala nje ya nyumba ya baba yake, na kila alipojiona akivuka daraja na mizigo yake, alimwona pia baba mezani na sahani moja. Alikuwa amemwambia Florent waziwazi: bila neno la baba, havuki.

"Na akikataa?" Florent aliwahi kumuuliza.

"Akikataa, sijui," Noélie alimjibu. Na kweli hakujua.

Wakaondoka kengele zikilia. Njia ya Jumapili ile ilifuata mto chini ya majabali, ikaingia kwenye mashamba ya mijozi, ambako kokwa zilikuwa zimeanza kudondoka na magurudumu yalizipasua kwa mlio wa kupendeza. Noélie huwaongoza watalii katika njia hiyo kila kiangazi, akiwaeleza habari za ngome na watawa hadi koo linamkauka. Jumapili haelezi kitu. Huendesha nyuma ya gurudumu la baba yake, amekaa kimya, anasikiliza mnyororo wake.

Walipumzika katika abasia ya Saint-Ligier, makao ya zamani ya watawa. Wazee walijitupa kwenye nyasi na kuanza kubishana kuhusu gia. Florent alibaki kwenye ua wa ndani, chini ya matao ya mawe, ameinua shingo.

"Unatazama nini?" Noélie alimuuliza.

"Paa. Upande ule tuliutengeneza mimi na mjomba wangu."

"Mimi nimesimama hapa, wewe unatazama paa?"

Florent akashusha macho. Alikuwa na macho mapole, ya rangi ya chai isiyokolea, na alipomtazama Noélie hakuwa na haraka ya kuyaondoa. Noélie akatoa kitambaa mfukoni na kumfuta vumbi kwenye paji la uso. Florent akaushika mkono wake, akaubakiza pale pale.

"Nina hofu," alisema.

"Ya bata?"

"Bata nitamla. Mbwa nitamsalimu. Ni baba yako ndiye sijui nimwanzie wapi."

"Mwanzie jibini ikifika mezani. Baba huwa mpole sana kwenye jibini."

"Noélie, nakupenda. Nataka ujue hivyo kabla hajanitupa nje."

"Hakutupi."

"Na akinitupa?"

"Utaanguka karibu na mbwa. Mtakuwa mmeshasalimiana."

Walicheka, na katika kucheka mapaji ya nyuso zao yakagusana. Filimbi ya Firmin ikalia nje. "Wapenzi wa historia!" aliita. "Abasia haitoki, mtaikuta Jumapili ijayo!"

Wakapanda mlima hadi kwenye mji wa ngome wa Villarque, wakapita katikati ya soko lake la matao, wakateremka. Katika mteremko Firmin alisogea kando ya Florent, na Noélie akasikia wanazungumza habari za mawe, na kisha habari za samaki, na kisha baba yake akacheka. Moyo wake ukatulia kabisa. Na moyo ukitulia kupita kiasi, akili husinzia.

Sasa ni lazima niseme kuhusu kibao. Barabara ikitoka mashambani, inanyooka kati ya safu mbili za miti mikubwa, na mwisho wake kuna kibao chenye jina la kijiji. Kila Jumapili, kwenye mti wa kwanza, klabu nzima hutimua mbio hadi kwenye kibao. Atakayekigusa wa kwanza ndiye anayekabidhiwa kisu cha keki ya tufaha siku hiyo, popote atakapokula. Wa mwisho anaosha vyombo. Ni desturi ya zamani, na wanaume wa Montrazac wanaijali kuliko ubatizo.

Kwa miaka minne hakuna aliyemshinda Firmin Delbreil. Jumapili ya kwanza baada ya mazishi ya Mireille alikuja kuendesha na wenzake bila kusema neno, na walipofika kwenye mti wa kwanza Marcelin akanong'ona, "Leo mwachieni." Wakamwachia. Firmin akagusa kibao, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akatabasamu. Wiki iliyofuata nani angekuwa na roho ya kumnyang'anya? Basi ikawa sheria isiyosemwa. Kwenye mti wa kwanza kila mtu hugusa breki kidogo na kuhema kwa nguvu, apate kuonekana amechoka. Noélie ndiye aliyeshika breki kuliko wote, maana miguu yake ilikuwa ya mama yake, yenye mbio kuliko yote. Jambo lenyewe lilishakuwa sehemu ya Jumapili, kama kengele na mkate, na ndiyo maana halikumjia kichwani kwamba Mwingereza wake halijui.

Mti wa kwanza ukafika. Firmin akamtazama Florent machoni, akainuka juu ya pedali, akaondoka. Nyuma breki zikalia taratibu. Florent akageuka, akaona wote wamebaki, akafikiri, "Mzee ananijaribu." Akainama.

"Hapana," Noélie alisema. "Florent! Hapana!"

Lakini upepo ulikuwa masikioni mwake. Alimpita Firmin katikati ya miti, akakipiga kibao kwa kiganja kikalia, akageuka na tabasamu pana, akingoja vigelegele. Hakuna aliyepiga hata kofi. Klabu nzima ilisimama barabarani kama watu waliomwona kasisi akianguka madhabahuni.

Marcelin akajifanyia ishara ya msalaba. "Siku ya kufa nyani," alisema chini chini, "miti yote huteleza."

Firmin alifika, akashuka, akampa Florent mkono. "Vizuri," alisema. Halafu akaisukuma baiskeli yake kuelekea nyumbani, mgongo umepinda kidogo kuliko asubuhi.

Noélie alimvuta Florent kwa fulana hadi nyuma ya kanisa, kwenye kisima cha zamani walikokuwa wakifulia bibi zao.

"Umefanya nini?"

"Nimeshinda," Florent alisema, na tabasamu lilikuwa halijamwisha vizuri usoni.

"Nani alikuambia ushinde?"

"Noélie, si yalikuwa mashindano?"

"Hayakuwa mashindano! Huyo hashindwi! Kijiji kizima kinajua hashindwi!"

"Mimi si wa kijiji kizima. Mimi ni Mwingereza, nani angeniambia?"

"Nilisahau!"

"Ulisahau? Ulikumbuka mbwa!"

Noélie alifungua mdomo kujibu. Machozi yakamtangulia. Florent alipoyaona, hasira yake yote ikayeyuka, akamshika mabega.

"Basi, mpenzi. Basi. Nitakwenda kumwomba radhi."

"Utamwambia nini? Samahani kwa kuwa na miguu?"

"Sijui. Lakini nisikudanganye, hata kama ungeniambia, sijui kama ningeweza kumwachia. Alinitazama, Noélie. Pale kwenye mti alinitazama kama mwanaume anavyomtazama mwanaume mwenzake. Halafu nishike breki? Nimwongopee, siku ile ile ninayokwenda kumwomba binti yake?"

"Ungemwongopea kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nitabeba mlima. Hilo tu ndilo zito."

"Miaka minne!" Noélie alisema, na sauti ikampanda bila yeye kutaka. "Miaka minne tunashika breki sote! Mzee Marcelin, vijana, wote! Na mimi kuliko wote! Kitu kimoja kilichokuwa kimembakia cha kumfurahisha wiki nzima ni kile kibao, na wewe umekichukua siku moja!"

Upande wa pili wa ukuta maji yaliyokuwa yakichotwa yakanyamaza. Firmin akajitokeza, uso na nywele zikichuruzika. Alikuwa amesimama pale kunawa, kama anavyofanya kila Jumapili kabla ya kukaa mezani.

"Miaka minne?" aliuliza.

"Baba…"

"Na wewe?"

Noélie hakuweza kumtazama. "Na mimi, baba."

Firmin akaitazama baiskeli ya binti yake iliyoegemezwa ukutani. Akainama, akagusa breki ya mbele kwa kidole gumba, pale mpira ulipolika.

"Nimekubadilishia mipira hii mara ngapi," alisema polepole. "Nikawa najiuliza, mtoto wa Mireille anaogopaje mteremko? Nikasema labda ni majonzi."

Akaenda zake. Florent na Noélie walibaki wametazama maji.

Nyumbani, shangazi Huguette, dada yake Firmin aliyekuja kupika siku hiyo, hakuwa na habari ya lolote. Alikuwa ametandika kitambaa cheupe, amepika supu, bata, na viazi vya kukaangwa na vitunguu saumu, na keki ya tufaha ilikuwa ikipoa dirishani. Florent alimsalimu, akamsalimu mbwa, na mbwa akamlamba kiganja.

"Amekukubali," shangazi alisema kwa furaha. "Kaeni, kaeni. Mbona mna nyuso za Ijumaa Kuu? Nani kafa?"

"Hakuna," Firmin alisema.

Wakanywa supu. Ilipobaki kidogo, Firmin alimimina mvinyo mwekundu ndani ya bakuli lake, akalitikisa, akaliinua kwa mikono miwili na kunywa, kama walivyokunywa baba zake wote. Florent akafanya vivyo hivyo bila kuonyeshwa. Firmin akamtazama juu ya bakuli.

"Angalau hilo Waingereza wanalijua."

"Bibi yangu alisema asiyejua hilo asipewe supu."

"Bibi yako alikuwa na akili. Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa huku, Bwana Delbreil. Wa Montrazac. Aliolewa ng'ambo."

"Kumbe," Firmin alisema, akarudi kwenye bakuli lake.

Bata akaja, Florent akaongezewa mara mbili na hakukataa. Jibini ikaja. Chini ya meza Noélie akamgusa goti. Florent akaweka uma chini, akakohoa.

"Bwana Delbreil, nina neno."

"Ngoja kwanza." Firmin aliinuka, akaileta keki mwenyewe, akachukua kisu, akakigeuza, na mpini ukaelekea kwa Florent.

Shangazi Huguette akashika kifua. "Firmin! Kisu ni cha mshindi!"

"Ndiyo."

"Yeye?"

"Yeye. Kata, kijana."

Florent alikitazama kisu, lakini mikono yake ilibaki magotini. Noélie aliona mishipa ya shingo yake imesimama.

"Siwezi, mzee," alisema. "Leo sikushinda. Nilikupita wewe, basi. Kuna mtu pale nyuma mwenye mbio kuliko mimi, na alikuwa ameshika breki. Nimeendesha naye msimu mzima, namjua. Sitakata keki yake."

Mbwa akanyanyua kichwa. Firmin alimgeukia binti yake na kumtazama kwa muda, kama anayetafuta uso wa mtu mwingine ndani ya uso ule. Halafu akakiweka kisu kando ya keki.

"Viatu," alisema.

"Viatu vya nini?" shangazi akauliza.

"Vya baiskeli. Sisi watatu."

"Firmin Delbreil! Na nyama yote hiyo ya bata tumboni? Unataka kufa mbele ya mgeni?"

"Nikifa, Marcelin atakula sehemu yangu. Noélie, viatu."

Kwa hiyo kwenye saa ambayo Wafaransa wote wenye busara wamelala kwenye viti vyao, watu watatu walioshiba walisimama na baiskeli zao chini ya mti wa kwanza. Jua lilikuwa limepenya majani na barabara ilikuwa tupu. Firmin akawapanga mstari mmoja.

"Sikilizeni," alisema. "Atakayegusa breki asirudi mezani kwangu. Mwingereza, umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Wewe sina shaka nawe. Nasema na huyu. Noélie?"

"Nimesikia, baba."

"Haya."

Florent alifyatuka kwanza. Firmin akamfuata, na Noélie akaingia nyuma ya gurudumu la baba yake, pale pale alipozoea. Alimwona shati limevimba mgongoni, akaona kisogo chake chembamba, na vidole vyake mwenyewe, bila kutumwa, vikapanda juu ya breki.

"Vidole viko wapi?" Firmin alipaza sauti bila kugeuka.

"Sijashika, baba!"

"Nimekuuliza viko wapi?"

Noélie akaviondoa.  Aliogopa, jamani, aliogopa kumpita mzee yule kuliko alivyowahi kuogopa mteremko wowote. Alihisi akishampita, hatamwona tena.

"Pita!" baba yake alisema, pumzi zikimkatika. "Noélie, pita! Usinisubiri!"

Akapita. Aliinuka juu ya pedali na miguu ya mama yake ikaamka chini yake, ikamchukua. Miti ikaanza kukimbia. Bega la baba yake likawa kando yake, kisha halikuwapo, na kitu kilichokuwa kimemkaba kifuani kwa miaka minne kikalegea akaanza kucheka kwa sauti, peke yake, huku machozi yakipeperushwa hadi masikioni. Florent alisikia mtu anacheka nyuma yake. Akaongeza nguvu yote aliyokuwa nayo, wala hakuachia hata kidogo. Alipitwa vilevile. Noélie alikipiga kibao cha Montrazac hadi kikatikisika.

Florent akafika, akaangusha baiskeli kwenye nyasi na yeye mwenyewe kando yake. "Mungu wangu," alisema akitazama mawingu. "Nitaoa upepo."

Firmin alikuja baadaye sana, akiyumba upande huu na ule wa barabara, amewainulia mkono ili wasimfuate. Aliposhuka alikikumbatia kibao kwa mikono miwili. Hakuweza kusema, lakini uso ulikuwa mwekundu na macho yanang'aa, na Noélie akaona ni tabasamu lile la zamani, la kabla ya msiba, si lile la Jumapili za karibuni.

"Mama yako," alisema alipopata pumzi, "hakuniachia hata siku moja. Hata siku ya arusi yetu! Tulikwenda kanisani kwa baiskeli. Akalikunja gauni kiunoni, akanipita hapa hapa, mbele ya ukoo wangu mzima. Unadhani nilimpendea nini?"

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hata mimi siku nyingine nilishuku. Marcelin anahema kama ng'ombe, halafu tukifika mkahawani anaimba? Lakini nikiiona keki, nakaa kimya." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikuwa naipenda ile keki. Lakini hii ya leo naipenda zaidi. Mwingereza! Inuka. Ulikuwa na neno."

Florent akasimama, ana majani kwenye nywele na mafuta ya mnyororo shavuni. "Naomba kumwoa Noélie, Bwana Delbreil."

"Mimi uniombe ili iweje? Umeziona mbio zake. Nikikupa na yeye hataki, utamkamatia wapi?"

"Nataka, baba," Noélie alisema.

"Kuishi ng'ambo? Kule kwa hao?"

"Kule kwa hao."

Firmin alitazama mtoni, ngome ya huku na ngome ya kule, na bomba la moshi la nyumba moja ndogo chini yake.  Noélie alimshika mkono, na mkono ule mgumu wa fundi ukamshika naye, ukambana sana, halafu ukamwachia.

"Basi, vuka," alisema. "Na macho yangu msiyatazame, ni jasho."

Walirudi wakisukuma baiskeli, Noélie katikati. Shangazi Huguette aliwakuta mlangoni, akawahesabu kama wote ni wazima, akaanza kufoka na kulia kwa pamoja. Noélie akapewa kisu. Alikata keki ya tufaha, kipande cha kwanza akampa baba yake, cha pili Florent, na mbwa pia akapata chake. Florent alikula akimtazama, na safari hii hakujali nani anaona.

Kisha Firmin akaitungua aproni ya dada yake kwenye msumari, akajifunga kiunoni.

"Unafanya nini tena?" Huguette akauliza.

"Nimekuwa wa mwisho. Wa mwisho anaosha vyombo."

"Hujaosha chombo miaka minne, utavivunja!"

"Vikivunjika, utanunua vingine." Alikunja mikono ya shati, akazamisha viganja kwenye povu, akaanza kupiga mluzi. Noélie alisimama kando yake na kitambaa cha kukaushia, lakini akanyang'anywa.

"Kaa na mchumba wako. Florent!" Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

"Naam, mzee?"

"Jumapili ijayo njia itapita kwenu. Hata kwa ile barabara ya mlimani, potelea mbali. Nataka kuona hiyo meza nitakapokuwa nakula."

"Tutakusubiri darajani, Bwana Delbreil."

"Msinisubiri," Firmin alisema, akaliinua bakuli dirishani kuangalia kama limetakata. "Wekeni sahani tu. Nitafika."